Ubao Usiotaka Kuingia

Mwaka 1996 Graça Machel, aliyekuwa waziri wa elimu wa Msumbiji baada ya uhuru, aliwasilisha Umoja wa Mataifa ripoti yake kuhusu watoto na vita. Miongoni mwa mengi aliyoyaeleza, moja halijanitoka kichwani: kwamba silaha ndogo zimekuwa nyepesi na rahisi kiasi kwamba mtoto wa miaka 10 anaweza kuifungua bunduki vipande vipande na kuiunga tena. Mwaka huohuo, Oktoba, vita viliwaka Kivu Kusini. Laurent-Désiré Kabila, ambaye kwa miaka mingi alikuwa na maskani yake ya uasi Hewa Bora, katika milima ya Fizi, akawa msemaji na baadaye mkuu wa waasi wa AFDL. Mbele ya safari yao walitembea kadogo, yaani askari watoto, wengine wakiwa wafupi kuliko wanavyopaswa kuwa watu wa kubeba mzigo wa aina yoyote. Mei 1997 walikuwa Kinshasa.

Swali langu ni dogo, nalo ni la ufundi. Kwa nini mtoto aweze? Mtoto wa miaka 10 hawezi kuunga mlango ukafunga. Hawezi kupachika mpini kwenye jembe ukadumu msimu mzima. Mpe baiskeli iliyofunguliwa, atakurudishia baiskeli yenye njuga kila kiungo. Inakuwaje basi kifaa cha kuua kiwe chepesi kwa mikono yake kuliko kifaa cha kulimia?

Jibu limo katika namna kifaa chenyewe kilivyobuniwa. Bunduki ya Mikhail Kalashnikov, ile ya mwaka 1947, haikutengenezwa ibanane. Vipande vyake viliachiwa nafasi makusudi, ili vumbi, matope na baridi ya Urusi visiizuie, na ili askari aliyeandikishwa jana aweze kuitunza leo. Wabunifu wengine walitaka vipande vikae kwa usahihi mkubwa, na silaha zao zilipofika kwenye mchanga au msitu wenye unyevu zikakwama. Yake haikukwama. Inamsamehe mzembe, mchovu na asiyefundishwa. Sina haja ya kueleza jinsi inavyofungwa. Wanaolijua hilo Fizi ni wengi kupita kiasi. Ninachotaka kiangaliwe ni gharama ya msamaha huo. Kifaa kisichomdai mtu kujifunza hakimchagui wa kukishika. Kinamkubali yeyote.

Kalashnikov mwenyewe, alipokuwa mzee, alisema angependa zaidi kubuni mashine ya kumsaidia mkulima, kama ya kukata nyasi. Namwamini. Alikuwa mtoto wa wakulima, na mtu aliyekulia shambani anajua kifaa kinachoshiba jasho la mtu kina heshima gani.

Sasa twende Baraka, ufuoni, penye magogo na mbao zilizopangwa kukaukia kivulini. Hapa ndipo boti zinapozaliwa: zile za wavuvi wa ndagala na mikebuka, na zile kubwa zinazobeba abiria, magunia na mitungi ya mawese kuelekea Uvira, Kalemie au ng'ambo, Kigoma. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, na kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini huinua mawimbi ambayo mgeni hudhani ni ya bahari. Boti ya mbao inayoingia humo haina kitu cha kuitegemea isipokuwa jinsi ubao mmoja ulivyokutana na mwenzake.

Nimemtazama fundi akipachika ubao wa ubavu. Mkuku umelazwa, mataruma yamesimama, mbao za chini zimeshashika. Ubao mpya umekatwa kwa kipimo, lakini hautaki kuingia. Umebana upande wa mbele, umeacha uwazi upande wa nyuma. Fundi hapigi. Anachukua masizi ya mkaa yaliyochanganywa na mafuta kidogo, anapaka ukingo wa ubao wa chini, anaushusha wa juu mpaka ugusane nao, anaugonga kwa kiganja, anauinua tena na kuugeuza kwenye mwanga. Palipochafuka ndipo panapobana. Anaweka randa hapo tu, anapunguza, na maranda yanayoanguka ni membamba kama ganda la kitunguu. Anafuta, anapaka tena, anashusha tena. Kisha tena. Asubuhi nzima inaweza kuishia kwenye ukingo wa ubao mmoja.

Kijana anayejifunza kwake alichoka kusubiri, akanyanyua nyundo.

"Iache nyundo, mwanangu," fundi alimwambia. "Ubao umekataa. Uulize kwanza kwa nini."

"Papa, imebaki kidogo tu."

"Hicho kidogo ndicho ziwa linakitafuta."

Kijana akaiweka nyundo chini, akashika kitambaa cha masizi.

Hayo si maneno ya kupamba kazi. Ubao uliolazimishwa kwa nyundo unaingia, tena unaonekana umekaa vizuri. Lakini nguvu iliyotumika haikupotea. Imebaki ndani ya mti, inasukuma msumari, inasukuma taruma, inasubiri. Siku boti inapogeuza ubavu kwa wimbi, mzigo umejaa na watu wamekaa juu ya mzigo, nguvu ile inapata nafasi ya kutoka. Ufa unafuata uzi wa mti kutoka tundu la msumari hadi tundu la msumari. Ndiyo maana fundi mzuri hapigi msumari mahali ambapo hajatoboa kwanza kwa keke, na tundu lenyewe analifanya jembamba kuliko msumari kwa kipimo ambacho hakikuandikwa popote. Likiwa pana, msumari hauna cha kushika. Likiwa jembamba mno, mti unapasuka.

Wala si kweli kwamba kubana zaidi ndiko kuzuri zaidi. Hili ndilo linalowachukua wanafunzi muda mrefu kulielewa. Mti mkavu ukiingia majini hunywa maji na kuvimba. Mbao zilizokutanishwa zikiwa kavu bila nafasi yoyote zitasukumana zikishavimba, na zitasukumana mpaka kitu kiachie. Kwa hiyo fundi huacha mshono, mwembamba, wa kuingiza pamba iliyolowekwa mafuta. Pwani ya bahari watakwambia mafuta ya nazi au ya papa, huku kwetu mawese ndiyo yaliyo karibu. Kazi ya kalafati hufanywa kwa patasi butu na mkono wenye subira: pamba ikishindiliwa mno inafungua mbao, ikishindiliwa kidogo inatoka yenyewe. Boti ikishushwa kwa mara ya kwanza huachwa ivuje kwa muda, ijinywee. Ikishashiba maji, inajifunga. Kuna hekima kubwa katika kuuacha mti umalize kazi ambayo mkono hauwezi, na hekima hiyo haipatikani kwa kuambiwa. Inaingia mkononi kwa miaka.

Hiyo miaka ndiyo hoja yangu. Bunduki inamtaka mtoto kwa siku chache. Boti inamtaka kwa miaka. Na katika nchi ambayo kwa vizazi viwili watu wamekuwa wakikimbia na kurudi, ni nani mwenye miaka ya kutoa?

Fizi imekaa na bunduki muda mrefu kuliko vijana wake wengi wanavyodhani. Wazee wa Ubembe ni watu wa kuwinda tangu enzi, na msituni waliingia na nyavu, mikuki, na baadaye magobore yaliyofuliwa au kutengenezwa upya na wahunzi wa vijijini. Silisifu gobore. Limeua watu, na limepunguza wanyama katika milima ya Itombwe hata hifadhi iliyotangazwa 2006 ikakuta msitu mtulivu kuliko unavyopaswa kuwa. Lakini gobore la mhunzi lilikuwa na jambo moja ambalo bunduki ya kiwandani haina: kila moja lilifitishwa lenyewe, kwa tupa na jicho, na kipande cha hili hakikuingia katika lile. Mwenye nalo alijulikana, na aliyelitengeneza alijulikana. Likiharibika lilirudishwa kwa mtu yuleyule, na mtu yule aliweza kuuliza limefanya nini. Viwanda vya silaha vya karne ya 19 ndivyo vilivyoondoa swali hilo, vilipofanikiwa kutengeneza vipande vinavyobadilishana, kila kipande kikiingia katika kila bunduki ya aina yake. Ulikuwa ushindi mkubwa wa ufundi. Ukamwondoa fundi kati ya silaha na mpigaji.

Matokeo yake Fizi iliyaona mapema. Tarehe 24 Aprili 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma, akatua Kibamba akiwa na Wakuba wachache kuwasaidia waasi, akajiita Tatu. Alikuta silaha za kutosha kutoka nchi rafiki za kijamaa. Zilivushwa kwa boti na kumwagwa ufuoni bila mpango, bunduki huku, risasi kule. Katika kumbukumbu alizoandika baadaye anaeleza wapiganaji waliofyatua macho yamefumbwa mpaka magazini ikaisha. Wengi husoma habari hiyo wakiwalaumu wapiganaji wale. Mimi naona vijana waliopewa chombo kinachofanya kazi hata mshikaji akiwa amefumba macho, wasipewe mtu wa kukaa nao miaka. Mwisho wa Septemba mwaka huo mamluki wa Mike Hoare waliingia Baraka kutokea majini. Novemba 21 Che alivuka ziwa kurudi alikotoka. Silaha hazikuvuka naye.

Kilichofuata kimeandikwa kwenye makaburi. Makobola, kuingia mwaka 1999, mamia ya raia waliuawa katika siku chache. Mji wa Fizi, usiku wa mwaka mpya wa 2011, askari wa serikali waliwabaka wanawake wa mji waliotakiwa kuulinda. Mahakama ya kijeshi ilikwenda kukaa Baraka, watu wakajazana kusikiliza, na Februari luteni kanali aliyewaongoza akahukumiwa miaka 20. Nimezitaja siku hizo kwa ufupi kwa sababu wenye kuzieleza kwa kirefu ni wale zilizowakuta. Nazitaja kwa sababu hakuna mazungumzo ya bunduki Fizi yanayoweza kuzipita.

Palikuwa pia na watu waliojaribu kuzibadilisha bunduki zile kuwa kitu kingine. Msumbiji, mwaka 1995, Baraza la Kikristo chini ya Askofu Dinis Sengulane lilianza kupokea silaha na kutoa majembe, cherehani na baiskeli. Katika Kongo yetu, kusini tu mwa Fizi, Katanga ya Kaskazini, mpango wa makanisa ulioongozwa na Mchungaji Daniel Ngoy Mulunda uliwapa wapiganaji baiskeli kwa bunduki. Nampa heshima yake kamili mtu aliyefikiri hivyo. Baiskeli ni biashara nzima: inabeba mihogo, mawese, mgonjwa, mke na mtoto.

Ila baiskeli ina kotapini. Aliyepanda baiskeli ya kichina au ya kihindi anaijua: ile pini yenye ubapa inayoshika mkono wa pedali kwenye ekseli. Inapachikwa kwa kubana, na inabana kwa ubapa wake tu. Pini mpya haiingii mara ya kwanza. Inabidi ubapa upunguzwe kwa tupa, sawasawa, bila kuupinda, mpaka pini ikae na mikono miwili ya pedali itazamane kwa mstari mmoja. Mwenye haraka anapiga nyundo, nyuzi za parafujo zinakufa, nati haishiki, na baada ya safari moja ya mlima mkono unacheza. Ukishaanza kucheza unakula ekseli. Baiskeli iliyotolewa badala ya bunduki inaweza kufia hapo, kwa kipande cha chuma kifupi kuliko kidole, kwa sababu aliyeipokea alifundishwa miaka mitano kushika kitu kisichobana, na hakuna aliyemfundisha hata wiki moja kushika kinachobana.

Mipango ya serikali ya kuwarudisha wapiganaji uraiani imefuata njia ileile kwa fedha badala ya baiskeli. Katika ule wa kwanza wa taifa, uliosimamiwa na CONADER, aliyevua sare alipewa dola 110 za kumfikisha nyumbani, kisha dola 25 kwa mwezi kwa mwaka mmoja, na mafunzo mafupi ya kazi ikiwa yalipatikana. Tangu 2021 tuna mpango mwingine, P-DDRCS, unaosema utaijenga jamii nzima badala ya kumlipa mpiganaji peke yake. Wazo hilo ni sahihi. Lakini mara kwa mara ninapowasikia maofisa wa mipango hii, ufundi wanaupima kwa miezi na kwa sanduku la vifaa: msumeno, randa, nyundo, cheti, picha ya pamoja. Sanduku hilo nimeliona sokoni likiuzwa kipande kimoja kimoja. Sikumlaumu muuzaji. Randa mikononi mwa mtu ambaye hajawahi kukaa asubuhi nzima akisubiri ubao mmoja ukubali ni chuma tu, na chuma kinauzwa.

Ziwa letu lina ushahidi wa kinyume chake, nao ni meli. Mwaka 1913 Wajerumani waliiunda mjini Papenburg, wakaifungua, wakaipakia katika makasha kama 5,000, wakaisafirisha hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma. Ilikusudiwa kutawala ziwa. Iliungwa upya ufuoni na mafundi watatu waliotoka Ujerumani pamoja na vibarua wa Kiafrika na wa Kihindi ambao majina yao hakuna aliyejali kuyahifadhi; bati kwa bati, tundu la ribiti juu ya tundu la ribiti, na Februari 5, 1915 ikashushwa majini kwa jina la Graf von Goetzen. Julai 1916, walipokuwa wanashindwa, wenyewe waliizamisha. Lakini kabla ya kuizamisha walizipaka injini grisi nzito, kila sehemu, kwa uangalifu wa mtu anayetaka kitu kiishi hata kikiwa mikononi mwa adui. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Mwaka 1997, meli hiyohiyo iliyozaliwa kwa vita iliwarudisha kwao Wakongo zaidi ya 75,000 waliokuwa wakimbizi Tanzania, ikienda na kurudi kati ya Kigoma na Uvira. Baadaye, kuanzia 2005, wakimbizi wa Fizi walirudi kwa meli wakitua Baraka kwenyewe, na magodoro yao, kuku zao na watoto waliozaliwa katika kambi za Nyarugusu na Lugufu wasioijua nchi wanayoambiwa ni yao.

Kila nikifikiria wale vibarua wa Kigoma wasio na majina, naamini kwamba walioungana na mafundi wale kwa miezi wakilinganisha matundu ya bati hawakuondoka walivyokuja. Kazi inayobana humfunza mtu kusimama mbele ya kitu kinachomkatalia bila kukivunja. Humfunza kuuliza kwa nini. Kijana aliyekulia kwenye bunduki amefundishwa kinyume: kitu kikikukatalia, ongeza nguvu. Hilo haliondoki mikononi kwa semina ya siku tatu katika ukumbi wa parokia, hata semina iwe nzuri kiasi gani, kwa sababu halikuingia kwa maneno.

Na mafundi wa kuliondoa wapo. Wapo Baraka, wapo Ubwari, wapo Mboko na Kazimia, wanaume wazee ambao boti zao zimevuka ziwa hili kwa miaka bila kumzamisha mtu, wahunzi ambao majembe yao yanalima, mafundi cherehani wanawake ambao nguo zao zinavaliwa harusini. Wengi wanafundisha vijana wawili au watatu kwa gharama yao wenyewe, wakiwalisha kutoka chungu cha nyumbani. Hawana cheti cha kutoa, kwa hiyo hakuna mradi unaowatambua. Mwanafunzi akiona kwamba kwenye kundi lenye silaha kuna chakula leo na kwa fundi kuna chakula baada ya miaka minne, anaondoka, na fundi hana cha kumzuia.

Kwa hiyo nawaomba wanaosimamia P-DDRCS katika Kivu Kusini, na wafadhili wanaowapa fedha: msinunue masanduku mengine ya vifaa. Chukueni fedha hizo mwalipe mafundi waliopo ufuoni na vijijini, kila mmoja kwa kila kijana anayemlea, mwezi baada ya mwezi, kwa miaka minne au mitano, na mumlishe kijana huyo muda wote huo. Mkague kazi, msikague mahudhurio. Boti ishushwe majini, ijinywee, ivuke hadi Kigoma na kurudi. Ikirudi kavu ndani, kijana huyo mwandikeni kwamba ameacha silaha.